Ugonjwa Unaonekana, Kupona Kunafichwa

Abiria akigombea chenji kwa sauti kubwa ndani ya daladala, hakosekani wa kumrushia neno: "Huyo katoroka Mirembe!" Gari zima linacheka, konda anapiga bodi, safari inaendelea. Nairobi hubadilika jina tu, likawa Mathari. Hospitali mbili kubwa za rufaa za magonjwa ya akili, zenye madaktari, wauguzi, maabara na dirisha la dawa, zimegeuzwa tusi la kumnyamazishia mtu. Hakuna anayemkejeli mwenzake kwa kumwambia arudi Ocean Road, wanakotibiwa wenye saratani, wala hakuna anayechekwa kwa kuwa alilazwa Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete. Maradhi ya akili peke yake ndiyo yanayochekwa.

Mihadhara kuhusu afya ya akili imezoea kuanza kwa kulaumu ujinga wa watu, kisha ifuate orodha: imani potofu ya kwanza na ukweli wake, ya pili na ukweli wake. Orodha hizo zimesomwa redioni na kubandikwa kwenye mbao za matangazo kila Oktoba 10, Siku ya Afya ya Akili Duniani, tangu mwaka 1992. Imani zenyewe zimebaki pale pale. Inafaa basi kuanzia kwingine, yaani kwenye swali la watu wamezitoa wapi imani hizo. Wengi wao wana jibu la haki kabisa: wameona kwa macho yao.

Wameona nini? Mtu anayeitwa kichaa wa sokoni, mwenye nywele zilizosokotana, anayeokota makopo na kuongea peke yake, hupitwa na maelfu ya watu kwa siku moja. Mwalimu aliyewahi kuumwa ugonjwa ule ule, akalazwa, akapata nafuu, akarudi darasani na sasa humeza kidonge chake kila usiku, hajulikani na mtu isipokuwa mke wake na pengine dada yake mkubwa. Wa kwanza anaonekana kila siku kwa miaka 20. Wa pili haonekani kabisa, maana siku aliyopona ndiyo siku aliyoanza kuficha kwamba aliwahi kuumwa. Ukimuuliza mpita njia kama ugonjwa wa akili unatibika, atajibu kwa kile alichokiona, na alichokiona ni nusu ya habari, tena ile nusu mbaya.

Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2019 mtu mmoja kati ya kila 8 duniani alikuwa akiishi na tatizo la afya ya akili. Kwa hesabu hiyo, kwenye daladala ya abiria 32 hao ni wanne, na huenda nao wanacheka na wenzao. Wengi wao wana sonona au wasiwasi uliopita kiasi, maradhi yasiyomvua mtu nguo barabarani. Skizofrenia, ugonjwa ambao ndio watu wengi huufikiria wakisikia neno "wazimu", humpata takriban mtu mmoja kati ya 300.

Hata madaktari hudanganywa na macho. Mwaka 1984 watafiti wawili wa Marekani, Patricia Cohen na Jacob Cohen, walieleza kwa nini matabibu huwa na mtazamo wa kukata tamaa kuliko hali halisi. Mgonjwa anayepona haraka huja kliniki mara chache, kisha hatokei tena. Asiyepona huja mwaka hadi mwaka. Baada ya muda benchi la kliniki linajaa wale walioshindikana, na daktari anaanza kuamini kwamba hao ndio ugonjwa wenyewe. Fundi ashindaye gereji kutwa anaweza kuapa kwamba hakuna gari zima nchini.

Dawa ya kosa hilo ni kuwafuata watu huko walikokwenda, na wapo waliofanya hivyo. Katikati ya miaka ya 1950, hospitali ya jimbo la Vermont huko Marekani iliwachagua wagonjwa waliokuwa wamelala wodini kwa miaka mingi, wale ambao kila mtu alikuwa amekwisha kuwakatia tamaa, ikawapa mafunzo ya kazi na maisha, ikawatafutia makazi, ikawaruhusu. Walikuwa 269. Miaka 32 baadaye, kwa wastani, mtafiti Courtenay Harding na wenzake waliwasaka mmoja mmoja, na karibu wote walijulikana walipo au yaliyowapata. Matokeo yalichapishwa mwaka 1987: kati ya nusu na theluthi mbili yao walikuwa wamepona au wamepata nafuu kubwa. Hawa ndio waliokuwa na hali mbaya kuliko wote. Takwimu hiyo ingestahili kubandikwa kwenye mlango wa kila wodi ya akili, Dodoma na kwingineko, isomwe na ndugu wanaokuja kuona wagonjwa.

Hapa Afrika Mashariki kosa hili la macho lina historia yake, na historia hiyo inauma.

Hospitali ya Mathari ilianza mwaka 1910 katika majengo yaliyokuwa ya kuwatenga wagonjwa wa ndui. Mirembe ilifunguliwa Dodoma mwaka 1927. Kabla ya zote, juu milimani Usambara, Wajerumani walikuwa wamejenga Lutindi mwaka 1896 kwa ajili ya watoto waliokombolewa utumwani. Miaka michache baadaye, mwanzoni mwa karne ya 20, ikaanza kupokea wagonjwa wa akili. Katika zile mbili za serikali ya Mwingereza, aliyefika hakuja na mama yake akiwa na kikapu cha chakula. Aliletwa na askari, kwa amri ya afisa wa serikali, baada ya kuvuruga amani ya mji. Alifungiwa. Dawa za kutuliza sauti na hofu zilikuwa hazijagunduliwa. Klopromazini, ya kwanza kati ya hizo, ilijaribiwa Paris mwaka 1952. Kwa hiyo bibi aliyemwona jirani yake akichukuliwa mwaka 1935 na asimwone tena, akawaambia wajukuu kwamba aendaye kule harudi, hakusema uongo. Alieleza alichokishuhudia. Kilichobadilika ni hospitali, na habari ya mabadiliko hayo haikuwafikia wajukuu.

Mwaka 1938 Mathari ilikabidhiwa kwa daktari aitwaye J. C. Carothers, ambaye wakati huo hakuwa amesomea magonjwa ya akili. Aliwachunguza Waafrika waliolazwa hapo, na mwaka 1947 akachapisha makala kuhusu wagonjwa wa kati ya 1939 na 1943. Mwaka 1953 Shirika la Afya Duniani lenyewe likamchapishia kitabu kizima kuhusu akili ya Mwafrika. Alidai kwamba sonona ni nadra sana kwa Waafrika, kwa kuwa Mwafrika, kwa maoni yake, habebi wajibu binafsi wala hajilaumu. Alifika mahali pa kumlinganisha Mwafrika mzima na Mzungu aliyekatwa sehemu ya mbele ya ubongo. Mwaka uliofuata serikali ya kikoloni ya Kenya ikachapisha maelezo yake kuhusu Mau Mau, akitafuta ndani ya vichwa vya Wakikuyu kile ambacho kingeonekana wazi kwenye ramani ya ardhi waliyonyang'anywa.

Ubaguzi wake unajulikana, na unastahili kutajwa kwa jina lake. Lakini chini ya ubaguzi palikuwa na kosa jingine, la mtu aliyehesabu waliokuwa mbele yake akadhani amehesabu wote. Mathari ilipokea walioletwa na askari. Mwanamke ambaye hajalala miezi mitatu, anayepika bila hamu ya kula, anayekaa kisimani na ndoo tupu akilia kwa sababu asiyoweza kuitaja, hajawahi kuitiwa askari na mtu yeyote. Angewezaje kuonekana kwenye daftari la Carothers?

Alikuwa kwingine. Huko Ghana, Margaret Field, mwanaanthropolojia aliyekuja kusomea udaktari, alikwenda kukaa kwenye vilinge vya vijijini ambako watu walipeleka shida zao. Kitabu chake cha mwaka 1960 kinaeleza wanawake wengi waliofika wakiwa wamekondeana, wakijishitaki wenyewe kwamba ni wachawi na kwamba wamewaua watoto wao. Aliitambua mara moja sonona kali. Mwaka 1979 John Orley na John Wing walitoa matokeo ya uchunguzi wao katika vijiji viwili vya Uganda, na sonona waliyoikuta ilizidi ile iliyopimwa kwa wanawake wa kusini mashariki mwa London. Na mwaka 2003 watafiti Ngoma, Prince na Mann walichapisha utafiti uliofanyika Dar es Salaam. Kati ya waliokwenda vituo vya afya vya kawaida, asilimia 24 walikuwa na sonona, wasiwasi au matatizo ya jamii hiyo. Kati ya waliokwenda kwa waganga wa kienyeji, walikuwa asilimia 48.

Asilimia 48 ni karibu nusu ya mkeka wa mganga. Mtu aliyesema sonona ni nadra kwa Waafrika hakuwahi kuukalia mkeka huo.

Cha kusikitisha zaidi ni kwamba kauli ya Carothers haikuondoka na bendera ya Mwingereza. Ilihama midomo. Leo inasemwa na Waafrika wenyewe, tena kwa majivuno: sonona ni ya Wazungu; sonona ni ya wenye pesa, maskini hana muda wa kusononeka; mwanamume halii. Mjomba anayeyasema haya kwenye kikao cha familia hajui kwamba anarudia maneno ya daktari wa kikoloni, na kijana aliyekaa mbele yake, ambaye hajatoka chumbani wiki ya tatu sasa, anajifunza siku hiyo kwamba anachoumwa hakipo.

Kipo, na kinatibika kwa njia zisizohitaji jengo kubwa. Wilaya za Rakai na Masaka nchini Uganda zilikuwa zimeumizwa vibaya na UKIMWI. Huko kulifanyika jaribio lililochapishwa mwaka 2003 na Paul Bolton na wenzake, likihusisha vijiji 30. Katika baadhi ya vijiji watu wenye sonona waliwekwa kwenye vikundi, wanaume kwao na wanawake kwao, wakakutana dakika 90 kila wiki kwa wiki 16. Kiongozi wa kikundi hakuwa daktari; alikuwa mtu wa huko huko aliyepewa mafunzo ya wiki mbili. Walizungumza kuhusu waliofiwa nao, ugomvi ndani ya nyumba, na maisha yaliyobadilika ghafla kwa maradhi au ujane. Jaribio lilipokwisha, kati ya waliokuwa kwenye vikundi ni asilimia 6.5 tu waliobaki na sonona kamili. Katika vijiji ambavyo havikupata vikundi, asilimia 54.7 walikuwa bado nayo.

Wengine husema ushauri nasaha ni porojo, na kwamba kila mtu anaweza kupiga soga na rafiki yake bila kulipwa wala kupangiwa siku. Tofauti kati ya 6.5 na 54.7 haikuletwa na soga. Kikundi kile kilikuwa na mpangilio: kila mtu alitaja tatizo lililoambatana na kuumwa kwake, wiki iliyofuata akaeleza hali yake imekwendaje na amejaribu nini, na wenzake wakamsaidia kutafuta hatua inayofuata. Zimbabwe walifanya jambo la namna hiyo kwa kutumia mabibi. Daktari Dixon Chibanda alikuwa amempoteza mgonjwa kwa kujiua, mgonjwa ambaye familia yake ilikosa nauli ya basi ya kumleta hospitali. Mwaka 2006 akaanza na mabibi 14 katika mtaa wa Mbare, Harare, kila mmoja na benchi la mbao kwenye uwanja wa zahanati. Bibi hukaa na mgonjwa, husikiliza, kisha wanachagua pamoja tatizo moja tu la kuanzia. Jaribio lililofanyika katika zahanati 24 za Harare, likiwa na wagonjwa 573, lilichapishwa mwaka 2016, na waliopita kwenye benchi walikuwa na nafuu kubwa baada ya miezi 6 kuliko waliopata huduma ya kawaida. Zanzibar nako mabenchi hayo yamefika.

Kwa waganga na viongozi wa dini linahitajika neno la haki. Familia nyingi huanzia huko, na sababu zake ni za maana. Mganga au shehe yuko jirani. Hana foleni. Anauliza habari za ukoo mzima, anawaita ndugu wakae pamoja, anatoa jibu kwa swali ambalo daktari hulikwepa: kwa nini mimi, na kwa nini sasa? Kituo cha afya kinachomhudumia mgonjwa kwa dakika tano huku tabibu akiandika bila kuinua macho hakina haki ya kushangaa watu wakienda kwingine. Mtu akisomewa dua, akaombewa, akafarijiwa, hakuna aliyedhurika.

Madhara huanzia penye mnyororo. Mwaka 2020 shirika la Human Rights Watch lilitoa ripoti kuhusu watu wenye matatizo ya akili wanaofungwa minyororo au kufungiwa vyumbani. Ilitaja mamia ya maelfu, katika nchi takriban 60, Kenya ikiwemo. Wengine wamefungwa kwenye nyumba za maombi na vilinge. Wengine wamefungwa nyumbani, na mara nyingi aliyeshika ufunguo ni mama anayeogopa mwanawe ataondoka usiku na kugongwa na gari. Huyo hafai kuitwa katili. Amechoka, na hakuna aliyewahi kumwambia kwamba ipo sindano ya kuchomwa mara moja kwa mwezi. Madhara mengine ni kuchelewa: miezi, wakati mwingine miaka, inapita kwenye kufukizwa na kufunga, huku ugonjwa ukizidi kukomaa, shule ikikatika na shamba likiuzwa. Halafu mgonjwa anafikishwa hospitali akiwa hoi, anachukua muda mrefu kupata nafuu, na watu wanasema: mnaona, hospitali haiwezi haya.

Wapo waliounganisha pande hizi mbili bila kumdharau yeyote. Thomas Adeoye Lambo, daktari Mnaijeria, alianzisha mpango wa Aro huko Abeokuta mwaka 1954: mgonjwa alikaa na ndugu yake katika nyumba za wanakijiji karibu na hospitali, akaja kutibiwa mchana na kurudi kijijini jioni, na waganga wa jadi walishirikishwa. Tanzania nayo ilijenga vijiji vya kilimo kwa wagonjwa waliopata nafuu, kama Hombolo upande wa Mirembe na Vikuruti upande wa Muhimbili. Wazo lilikuwa kwamba mtu anayelima, anayevuna na anayeonekana akifanya hivyo anapona mara mbili, mwilini mwake na machoni pa jirani zake.

Sasa dawa. Hapa ndipo hofu ya watu inapogusa jambo la kweli, na kuikejeli ni kosa. Siku ya kliniki ya afya ya akili kwenye hospitali ya wilaya, mazungumzo ya namna hii husikika karibu kila mara:

"Dada nesi, hizi dawa zenu zinanimalizia mtoto. Tazama shingo ilivyokaza. Mate yanamtoka, mikono inatetemeka."

"Pole, mama. Imeanza lini?"

"Siku ya tatu leo."

"Na vile vidonge vidogo mlivyopewa pamoja na sindano, anavimeza?"

"Viliisha wiki iliyopita. Nilipokuja dirishani nikaambiwa havipo, nikanunue. Hela ya kununua sina, mwanangu."

Kila kitu kiko ndani ya mazungumzo hayo. Haloperidoli, flufenazini na ndugu zao hupunguza nguvu ya dopamini kwenye ubongo. Sauti zinafifia, hofu inashuka, usingizi unarudi. Dopamini hiyo hiyo ndiyo inayolainisha mwendo wa viungo, kwa hiyo dozi ikizidi au mwili ukiwa mwepesi kuathirika, shingo inakaza, uso unakosa tabasamu, hatua zinakuwa fupi. Vile vidonge vidogo, beksoli kwa jina la haraka, ni vya kuondoa ukakamavu huo. Au dozi inapunguzwa. Au dawa inabadilishwa. Anayesema dawa humfanya mtu zezeta ameona kitu cha kweli. Hajaambiwa tu kwamba ni athari inayorekebishika, tena mara nyingi ndani ya siku chache.

Asipoambiwa, anafanya linaloonekana la busara: anaacha dawa. Kwa wiki kadhaa kijana anaonekana mzima kuliko hata alipokuwa akimeza. Anatembea vizuri, anacheka, mama anashukuru. Ugonjwa hurudi baadaye, na hapo hakuna anayekumbuka kuuhusisha na vidonge vilivyoachwa. Mwaka 2012 Stefan Leucht na wenzake walikusanya majaribio 65 kuhusu jambo hili kwa wagonjwa wa skizofrenia. Ndani ya mwaka mmoja, kati ya walioendelea na dawa asilimia 27 walirudiwa na ugonjwa. Kati ya walioachishwa, asilimia 64. Imani kwamba "hawa hawaponi" hupata ushahidi mpya kila mara mtu anapoachishwa dawa kwa nia njema.

Kuhusu uraibu, watu huchanganya dawa za aina tofauti. Diazepamu, ile inayojulikana zaidi kwa jina la Valium, humzoesha mtu kweli ikitumiwa muda mrefu, na haifai kugawiwa ovyo. Dawa za sonona, kama amitriptilini na fluoksetini, hazimfanyi mtu azitamani wala kuongeza dozi kila mwezi, ingawa huachwa polepole kwa maelekezo ya daktari, siyo kwa siku moja. Zinachukua wiki mbili hadi nne kabla nafuu haijaanza kuonekana, na hapo ndipo wengi hukata tamaa siku ya kumi wakidhani wamepewa unga. Wala siyo lazima zimezwe maisha yote. Miongozo ya Shirika la Afya Duniani inashauri mtu aendelee nazo kwa miezi kadhaa baada ya kupata nafuu, kisha azipunguze.

Kwamba wagonjwa wa akili ni watu wa kuogopwa, jibu lake ni fupi. Wengi wao hawamdhuru mtu, na wao ndio wanaodhuriwa. Utafiti wa Linda Teplin na wenzake huko Chicago, wa mwaka 2005, ulihusu watu 936 wenye magonjwa makali ya akili: zaidi ya robo walikuwa wametendewa uhalifu wa kutumia nguvu ndani ya mwaka mmoja, kiwango kinachozidi mara 11 kile cha watu wengine. Mwanamke anayelala stendi huku akisumbuliwa na sauti kichwani ana kila sababu ya kutuogopa.

Imani moja inaua moja kwa moja: kwamba kumuuliza mtu kama anawaza kujiua ni kumtia wazo hilo kichwani. Mapitio ya tafiti yaliyochapishwa mwaka 2014 hayakukuta dalili yoyote ya madhara hayo, na yalionyesha kwamba kuulizwa kunaweza hata kumpunguzia mtu mzigo. Swali lenyewe ni la kawaida: "Ndugu yangu, umewahi kufikiria kujidhuru?" Aliyeulizwa kwa upole hujibu mara nyingi zaidi kuliko watu wanavyodhani, na hapo mtu anabaki naye, anaondoa karibu yake vitu vya hatari, anampeleka kituo cha afya siku hiyo hiyo. Watu takriban 727,000 walikufa kwa kujiua mwaka 2021 duniani, na karibu robo tatu yao ni wa nchi za kipato cha chini na cha kati.

Sheria nayo imechangia ukimya. Kanuni za adhabu za Afrika Mashariki zilirithi kutoka Uingereza kosa la kujaribu kujiua. Uingereza yenyewe ililifuta mwaka 1961. Kenya, Mahakama Kuu ilitamka Januari 2025 kwamba kifungu cha 226 kinakwenda kinyume cha Katiba, katika shauri lililopelekwa na Tume ya Taifa ya Haki za Binadamu pamoja na chama cha madaktari wa magonjwa ya akili. Tanzania Bara kosa hilo limebaki kwenye Kanuni ya Adhabu. Mtu aliyeokolewa usiku anaweza kuamka wodini akiwa na askari pembeni ya kitanda, na familia yake, kwa kuogopa hilo, itaandikisha ajali. Kifungu hicho hakijulikani kumwokoa mtu hata mmoja, na Bunge lina uwezo wa kukiondoa.

Lakini kupona kukionekana, imani hubadilika. Huko Mahenge, kusini mashariki mwa Tanzania, daktari kutoka Norway, Louise Jilek-Aall, alianza kliniki ya kifafa mwanzoni mwa miaka ya 1960. Kifafa ni ugonjwa wa mishipa ya fahamu, lakini hapa kwetu kimetibiwa siku zote kwenye kliniki za akili na kubeba aibu ile ile. Wapogoro wengi waliamini kinaambukiza, kwamba kumgusa aliyeanguka ni kukichukua. Kwa hiyo aliyeangukia motoni aliachwa aungue, na wengi aliowaona walikuwa na makovu makubwa ya moto. Aliwapa fenobabitoni, kidonge cha bei ndogo. Degedege zilipopungua, watu waliokuwa wakilishwa peke yao, kwa bakuli lao wenyewe, walianza kuonekana wakitembea mpaka kliniki na kurudi mashambani. Wagonjwa waliokuwa wamefichwa wakaanza kuletwa kutoka vijiji vya mbali. Hakuna bango lililofanya kazi hiyo. Ilifanywa na jirani aliyemwona jirani.

Kutoka hapo ni rahisi kusema kwamba waliopona wajitokeze na kujitangaza, na kusema hivyo ni kuwatwika mzigo watu ambao wamebeba vya kutosha. Mwalimu yule ana sababu ya kunyamaza. Anajua mwenye shule atakavyomtazama, anajua mahari ya binti yake inaweza kuvunjika, anajua jina atakalopewa na wanafunzi. Wenye nafasi ya kuonyesha kupona bila kumwanika mtu ni wengine: hospitali, wizara, na zaidi vyombo vya habari. Picha inayotoka gazetini kila Oktoba ni ile ile, ya mtu aliyechanika nguo akiwa amekaa chini kando ya ukuta. Kliniki ya sindano ya mwezi haijawahi kupigwa picha ya ukurasa wa mbele, ingawa ipo, na mwandishi anaweza kufika bila kutaja jina la mtu wala kuonyesha uso.

Akienda saa mbili asubuhi atakuta fundi seremala, mama wa genge, dereva wa bodaboda na mwanafunzi wa chuo wakisubiri zamu yao, kila mmoja akiwa na kadi ya kliniki, wengine wakiharakisha kwa kuwa wanatakiwa kazini kabla ya saa nne. Aandike hilo. Kisha apite dirisha la dawa na kuuliza kama haloperidoli na beksoli zipo leo, na kama hazipo, zimekosekana tangu lini, nani aliagiza, na oda imekwama ofisi gani.